Namna ya kulinganisha mvutano wa uso wa maji na wa vimiminika vingine kwa kupima matone

Molekuli iliyo katikati ya kimiminika huvutwa na jirani zake kutoka kila upande, lakini iliyo juu kabisa haina jirani wa kutosha upande wa hewa, kwa hiyo uso mzima hujikaza na kuelekea kuwa mdogo kadiri iwezekanavyo. Nguvu hiyo ya kujikaza ndiyo mvutano wa uso, nayo hupimwa kwa milinyutoni kwa mita. Katika nyuzi 20 za Selsiasi maji safi yana 72.8, gliserini karibu 63, mafuta ya zeituni karibu 32 na ethanoli karibu 22. Wengi hudhani kwamba kimiminika kinachotiririka polepole ndicho chenye uso imara zaidi, na dhana hiyo inafaa kung'olewa mapema: mafuta ya zeituni yana mnato mkubwa kuliko maji, lakini mvutano wa uso wake haufiki nusu ya ule wa maji. Maji hupata nguvu yao kutokana na vifungo vya haidrojeni, ambavyo huzishika molekuli zake ndogo kwa wingi na kwa ukaribu.

Jambo hili unaweza kulithibitisha mwenyewe kwa pipeti ya kioo yenye balbu ya mpira, chupa ndogo yenye kifuniko, na mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Msingi wa kipimo ni kanuni aliyoitoa Mwingereza Thomas Tate mwaka 1864, kwamba uzito wa tone linalodondoka kwenye ncha fulani huenda sambamba na mvutano wa uso wa kimiminika chake. Ncha ikiwa ileile, tone zito zaidi linatoka katika kimiminika chenye mvutano mkubwa zaidi.

Chagua pipeti ya kioo badala ya plastiki, na sababu yake ni ya msingi. Maji hayatandi vizuri juu ya plastiki, hivyo tone laweza kuning'inia kwenye ukingo wa ndani wa tundu, ilhali ethanoli hutanda hadi ukingo wa nje. Hapo utakuwa umelinganisha ncha mbili zenye upana tofauti bila kujua. Kioo kikiwa safi, vyote viwili hutanda hadi ukingo wa nje. Kioshe kwa sabuni, kisuuze kwa maji mengi, umalizie kwa maji yaliyotoneshwa, kisha usiiguse ncha kwa vidole, kwa sababu mafuta kidogo ya ngozi yanatosha kuharibu kipimo.

Acha vimiminika vyote vikae katika chumba kimoja hadi vilingane joto, maana mvutano wa uso wa maji hushuka kutoka 75.6 katika nyuzi 0 hadi karibu 59 katika nyuzi 100. Pima chupa tupu pamoja na kifuniko chake. Shika pipeti wima, ubonyeze balbu taratibu sana, na utazame tone linavyokua: kwanza ni duara lililobanwa juu, kisha linarefuka, linafanya shingo nyembamba, na shingo inakatika ghafla huku sehemu ya kimiminika ikibaki kwenye ncha. Ukibonyeza kwa haraka, tone husukumwa badala ya kuachiwa lidondoke kwa uzito wake, na hesabu yote hupotea maana. Dondosha matone 50, funika chupa, upime tena. Rudia mara tatu na uchukue wastani. Ethanoli huyeyuka hewani upesi, kwa hiyo usikawie kufunika, tena iweke mbali na moto.

Hesabu ni nyepesi. Tuseme matone 50 ya maji yana gramu 2.50 na matone 50 ya ethanoli yana gramu 0.77. Gawanya 0.77 kwa 2.50, kisha zidisha kwa 72.8, utapata karibu 22.4. Kwa kuwa si tone zima linaloanguka, tegemea tofauti ndogo na thamani za vitabuni. Mwaka 1919 wanakemia Harkins na Brown walichapisha masahihisho ya jambo hilo, lakini kwa kulinganisha tu huyahitaji. Asiye na mizani ahesabu matone yanayojaza mililita 2, ila akumbuke kuingiza densiti, yaani gramu zilizomo katika kila mililita, katika hesabu, la sivyo gliserini, yenye densiti ya 1.26, itampotosha.

Zebaki usiipime kamwe, kwa sababu mvuke wake ni sumu. Chukua thamani yake kitabuni, ambayo ni karibu 485. Vifungo vya kimetali huikaza kuliko hata maji.

Maji yenye sabuni yaweke mwisho. Molekuli za sabuni hukusanyika usoni, zikielekeza mikia isiyopenda maji upande wa hewa, na matone yatakuwa madogo waziwazi. Baada ya hapo osha pipeti na upime maji safi upya: uzito wa matone 50 usiporudi pale ulipokuwa mwanzo, sabuni bado imo, nawe endelea kusuuza hadi urudi.