Skopu kukaa juu ya mtutu: namna ya kuziro bunduki ya kuwindia usidanganywe na mita 25

Wakuu, msimu ukikaribia hapa Chuga (Arusha) kuna kitu nakiona kila mara na kinaniuma. Mtu kabadilisha skopu (darubini ya kulengea), kaenda renji (uwanja wa shabaha) kuziro, yaani kuirekebisha skopu ili risasi ipige pale anapolenga, kapiga risasi tatu mita 25 zote zikaingia katikati ya karatasi, basi anafunga boksi safari ya kitaluni (eneo la kuwindia) imeiva. Sasa huko mbele akimjeruhi nyati, anayetangulia kwenye majani marefu kufuata damu ni yule mzee mfuata nyayo, kwa hiyo naomba tulielewe hili jambo vizuri maana sio la kitaalamu kivile, ni sentimita tu.

Jicho lako linapita ndani ya skopu, risasi inapita ndani ya mtutu, na hizo njia mbili hazipo sehemu moja, skopu iko juu. Jicho linaona mstari ulionyooka ila risasi ikishatoka tu inaanza kuvutwa chini, ndo maana ukiziro unakuwa umeuinua mtutu kidogo sana ukilinganisha na skopu. Risasi inaanzia chini ya mstari wa jicho, inapanda mpaka inaukata, inakwenda juu yake kidogo, halafu inashuka na kuukata tena mbele. Skopu ikiwa juu zaidi, mtutu lazima uinuke zaidi ili vikutane pale ulipoziro, na hapo ndo tatizo la mita 25 linapozaliwa.

Kwanza pima skopu yako imekaa juu kiasi gani kutoka katikati ya mtutu. Toa magazini, fungua bolti (kile chuma unachovuta nyuma kufungua bunduki), angalia chemba kwa macho na ingiza kidole uhakikishe ni tupu, ndo ufunge tena. Chukua vernia, kile kipimio cha unene (fundi yeyote wa mashine anayo), pima pale kwenye dirisha la kutolea maganda: nafasi kati ya mgongo wa bolti na tumbo la bomba la skopu, jumlisha nusu ya unene wa bolti, jumlisha nusu ya unene wa bomba. Pima kwenye bomba lenyewe, sio kwenye kile kichwa kinene cha mbele. Ukikosea milimita moja mbili sio mbaya. Bunduki nyingi za bolti zikifungwa ringi fupi (pete za kushikia skopu) zinakuja kama sentimita 4, ukiweka ringi ndefu kwa ajili ya skopu yenye kioo cha mbele cha milimita 56 unaweza kufika 5 au 6, na bunduki za muundo wa AR huwa zinacheza karibu na 7.

Sasa hesabu. Chukua kaliba ya .375 H&H ambayo wawindaji bingwa wetu wengi wanaijua, risasi yenye uzito wa greni 300 inayotoka kama mita 770 kwa sekunde. Skopu ikiwa sentimita 4 juu ya mtutu ukaziro mita 25, ukifika mita 100 risasi inapiga kama sentimita 5 juu ya ulipolenga. Bunduki ileile, risasi ileile, skopu ikiwa sentimita 7, kule mita 100 unapiga kama sentimita 14 juu! Na wote wawili karatasi ya mita 25 inawaambia wako sawa kabisa. Sababu ni kwamba kutoka 25 mpaka 100 kuna mita 75, mara tatu ya zile 25, kwa hiyo kila sentimita moja uliyoongeza kwenye kimo cha skopu juu ya mtutu inarudi kama sentimita tatu kule mbele. Hii haijalishi unatumia kaliba gani.

Kwa hiyo mita 25 itumie kuipata karatasi tu usiishie hapo. Weka mifuko ya mchanga chini ya mbao ya mbele ya bunduki, sio chini ya mtutu wenyewe, na hapo mita 25 usitafute katikati. Kama skopu yako ni sentimita 4 acha risasi ipige sentimita 1 na kidogo chini ya ulipolenga, kama ni 7 acha ipige sentimita 3 na nusu chini, ukifanya hivyo kwa .375 ukisogea mita 100 utakuwa umekaribia sana na kinachobaki ni kliki chache (hatua za kuzungusha kirekebishi cha skopu). Kliki yenyewe iangalie imeandikwaje: ya 0.1 mili (kipimo cha pembe, sio milimita) inasogeza sentimita 1 kwa mita 100, ile ya robo dakika (dakika ya pembe, MOA) inasogeza milimita 7 hivi. Kwa mita 25 zigawe kwa nne, yaani ile ya 0.1 unahitaji kliki nne kupata sentimita moja, wengi wanasahau wanabaki wanazungusha halafu wanailaumu skopu. Piga tatutatu, acha mtutu upoe, rekebisha kwa katikati ya zile tatu, sio kwa ile moja iliyokimbia.

Ukishaziro mita 100 kwa skopu ya sentimita 4, mita 50 uko karibu katikati kabisa, na nyati wengi wanapigwa ndani ya hapo, mita 200 utakuwa chini kama sentimita 17. Mwenye skopu ya 7 akiziro mita 100 hapo 200 anashuka kama 14 tu, kwa hiyo skopu iliyokaa juu sana, kwa mbali sio hasara, ila kwa karibu inakutesa: mita 10 mwenye 4 anapiga karibu sentimita 3 chini, mwenye 7 anapiga 5 na nusu chini.

Na karibu kuna hatari nyingine ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote hizi. Umelala nyuma ya kichuguu, kwenye skopu unamuona mnyama safi hakuna kitu kimekukinga, kumbe mdomo wa mtutu ulio sentimita kadhaa chini unatazama udongo au tawi. Kabla ya kugusa triga inua jicho nje ya skopu uangalie mtutu umeelekea wapi, au tumia fimbo za kuegemeza uinuke juu ya kizuizi.

Mimi ushauri wangu fungeni ringi fupi kadri skopu itakavyoruhusu bila kugusa mtutu. Ikikaa juu sana shavu linaacha kitako unaning'iniza kichwa, na .375 ikikurudia hapo skopu inakupasua nyusi. Ukibadilisha ringi hata kama skopu ni ileile, pima upya kimo chake juu ya mtutu, rudi renji na uanze tena mita 25 mpaka 100, kwa risasi zilezile utakazobeba kwenda nazo kitaluni.