Namna ya kumwingiza mwanafunzi aliyejitenga kwenye kazi ya kikundi

Nafundisha darasa la nne hapa Moshi, watoto zaidi ya 60. Katika darasa la namna hiyo mtoto mkimya hapotezi muda wa mtu: hasumbui, daftari lake safi, mwalimu anashukuru. Mtoto mmoja nilimshukuru hivyo karibu muhula mzima, na hadi leo najuta.

Hatua ya 1: Mtazame wiki nzima

Hasa saa ya uji na mapumziko. Anasimama karibu na mchezo gani bila kuingia? Muulize mzazi, au bibi anayemlea. Wapo wanaoongea Kichaga kutwa nyumbani, wakifika darasani wananyamaza kwa kuogopa kuchekwa Kiswahili chao. Ila aliyekuwa mchangamfu akanyamaza ghafla, huyo anahitaji mwalimu wa ushauri nasaha kwanza.

Hatua ya 2: Mpe mwenzake mmoja tu

Usimpe kinara wa darasa, maana atafanya kazi yote peke yake. Tafuta mtoto mpole wa dawati la jirani. Wape kazi ya mikono: wapime tuta la mchicha kwa kamba, mmoja ashike, mwingine aandike, kisha wabadilishane. Wiki mbili hivi.

Hatua ya 3: Ongeza wa tatu, na umpe kipande chake

Hapa ndipo penye kazi. Ukisema tu "fanyeni pamoja", mkimya ataishia kushika rula. Gawa somo lenyewe. Mimi nilitumia kahawa: karatasi ya kwanza ilieleza kuchuma, ya pili kumenya, ya tatu kuanika. Kila mtoto alisoma yake tu, halafu maswali yakadai zote tatu. Njia hii aliianzisha mwanasaikolojia Elliot Aronson mwaka 1971 huko Austin, Marekani, shule zilipoanza kuchanganya watoto wa rangi mbalimbali na uhasama ukajaa madarasani.

Siku moja kabla, kaa naye dakika kumi akusomee kipande chake kwa sauti. Yule mwanafunzi wangu mkimya nilimpa kuanika, kwa kuwa bibi yake analima kahawa Kibosho. Mwenzake alipoandika kwamba kahawa inaachwa tu juani, akamshika mkono: "Hapana, inageuzwageuzwa." Ndiyo sentensi ya kwanza niliyomsikia akimwambia mwenzake.

Hatua ya 4: Usimpigie makofi

Nilitamani sana kumsifia mbele ya wote. Ningefanya hivyo, kesho yake angenyamaza tena. Mwambie pembeni, na usifu kazi: "Umeeleza vizuri habari ya kugeuza." Anayemcheka, mkanye papo hapo.

Hatua ya 5: Badilisha wenzake mmoja mmoja

Mmoja akitoka, mwingine abaki. Likizo ya Juni ikiisha huenda akarudi kimya kama zamani. Anza upya hatua ya 2. Wangu alihitaji siku tatu tu.