Kitone kwenye skrini ya laptopu mpya
Ukiona kitone kwenye skrini ya laptopu mpya, anza kwa kufuta na kitambaa laini kikavu. Huenda ni vumbi tu. Kikibaki, huenda ni pikseli mbovu, yaani moja ya nukta ndogo zinazounda picha; jaza skrini nzima rangi moja moja: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, bluu. Kinachobaki cheusi kwenye rangi zote kimekufa, hicho hakifufuki. Kinachong'ang'ania nyekundu, kijani au bluu kimekwama tu: cheza video ya kubadilisha rangi harakaharaka kwa dakika 30, huenda kikazinduka (mwenye kifafa asiitazame). Usikibonyeze kwa kidole, unaweza kuharibu pikseli za jirani. Kabla ya kujaribu kukizindua, piga picha na utunze risiti. Waranti nyingi hazibadilishi skrini kwa kitone kimoja, kwa hiyo wahi dukani siku za kurudisha bidhaa hazijaisha.