Somo: Kujitolea nje ya nchi ukiwa mwanafunzi wa afya ya umma

Kila likizo ndefu ikikaribia naulizwa swali lile lile na wanafunzi wa vyuo vya hapa Kenya, wa Maseno, wa JOOUST kule Bondo, wa KMTC na hata wa Egerton: "Nataka kwenda kujitolea nje, nianzie wapi?" Wengi wao wameshaulizia pasipoti. Mimi nawaambia waanzie Nyalenda, mtaa wa hapa Kisumu. Shirika la nje litataka kujua ulifanya nini mahali ambapo hukuhitaji viza, na usipokuwa na jibu, pasipoti itakaa kwenye sanduku.

Hatua ya 1: Fanya kazi hapa nyumbani, uiandike

Nenda kwenye kituo cha afya cha karibu, umwone afisa wa afya ya umma wa wadi, uombe kuandamana na wahudumu wa afya ya jamii. Ndio wale wanaobeba mikoba ya vifaa waliyogawiwa na serikali mwaka 2023. Wanajua nyumba ipi ina mama aliyejifungua juzi, na ipi ina mbwa mkali. Wafuate, wasikilize, usijifanye daktari.

Kila siku ya kazi iandike. Hapa ndipo wengi huharibu. Wanaandika "Nilielimisha jamii kuhusu usafi wa mikono," sentensi ambayo hata aliyelala nyumbani anaweza kuiandika. Chukua mfano wa kibuyu chirizi, ule mtungi wa lita tano uliotobolewa kwa msumari, unaoinamishwa kwa kamba na kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Ukurasa wa daftari uwe hivi:

*Nyalenda B, Jumanne asubuhi. Nyumba 20. Zenye kibuyu chirizi: 11. Vyenye maji leo: 6. Vyenye sabuni: 2. Sababu walizotoa: kunguru wanaiba sabuni, watoto wanaichezea, maji ya mkokoteni yamepanda bei.*

Anayesoma hapo anajua ulifika. Anajua pia kwamba hesabu ya vibuyu si hesabu ya mikono iliyooshwa, na kwamba tatizo ni kunguru na bei ya maji wala si ujinga wa watu. Kisha onyesha mlichofanya: sabuni ya unga ikayeyushwa kwenye chupa ya soda, kifuniko kikatobolewa tundu dogo, chupa ikafungwa kando ya mtungi. Kunguru hana haja nayo, na pakiti moja ndogo inasukuma siku kadhaa. Rudi baada ya wiki mbili, hesabu tena nyumba zile zile. Hata hesabu ikiwa mbaya, iandike ilivyo.

Majina ya wagonjwa yasiingie kwenye daftari hilo. Picha za watoto usipige.

Hatua ya 2: Warejelewa

Hawa ni watu watakaothibitisha kazi yako. Wawili wanatosha: mhadhiri mmoja na mtu mmoja aliyekuona nyanjani. Wa nyanjani ndiye mwenye uzito. Mwombe barua mapema, kabla hajahamishwa kwenda kaunti nyingine.

Hatua ya 3: Chagua mlango

Umoja wa Mataifa una mpango wa wajitoleaji, UNV, wenye makao makuu Bonn, Ujerumani. Vijana wa miaka 18 hadi 26 wana kundi lao, na kujisajili ni bure. Kuna pia kujitolea kwa mtandao, ambako unaweza kuandaa bango au kuchambua takwimu za shirika la mbali ukiwa umekaa Kondele, hapa hapa Kisumu. Usikudharau. Ni rekodi kama rekodi nyingine.

Umoja wa Afrika una kikosi chake cha vijana wa kujitolea, kilichozinduliwa mwaka 2010, cha miaka 18 hadi 35. Unapelekwa nchi nyingine ya Afrika kwa mwaka mmoja. Mlango huu unawafaa zaidi waliokwisha kuhitimu.

Ujerumani nayo ina weltwärts, mpango wake wa vijana wa kujitolea, ambao tangu 2013 unapokea pia vijana kutoka nchi kama yetu. Huko huombi peke yako. Unapitia shirika la hapa lenye ushirika na shirika la kule, na huenda ukajikuta unahudumia wazee badala ya kupima maji. Kama hilo litakuudhi, usiombe.

Usisahau Uganda. Watu wanaitazama Ulaya na kuipita Jinja, ilhali kazi ya kichocho, malaria na vyoo vya ufukweni kule ni ile ile ya Dunga, ufuko wetu wa Kisumu, ziwa ni moja, Victoria, na nauli ni ya basi.

Hatua ya 4: Karatasi

Pasipoti unaiomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unapeleka karatasi na alama za vidole ofisi ya uhamiaji. Kisumu ipo, Nakuru ipo, huna haja ya kulala Nairobi. Cheti cha maadili mema pia kinaanzia eCitizen. Chanjo ya homa ya manjano ipate mapema: cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote, kwa hivyo anayekwambia uirudie kila miaka 10 amebaki nyuma.

Hatua ya 5: Uliza kabla ya kukubali

Nitalala wapi? Nani atalipa nikiugua? Usitegemee SHA, bima yetu ya afya ya serikali, ukiwa Kampala. Na mlipuko ukitokea, nitafanya nini? Hilo la mwisho si la kubuni. Uganda ilitangaza Ebola Septemba 2022, na tena Januari 2025. Mwanafunzi anaweza kusaidia kunawisha watu mikono langoni au kujaza fomu, lakini wadi ya kutenga wagonjwa si mahali pake. Shirika lisiloweza kukujibu hilo kwa sentensi mbili, liache.

Tena uliza: nitafanya kazi gani hasa? Sisi wa Kisumu tunajua upande wa pili wa mambo haya. Tumepokea wanafunzi wa kigeni wa wiki mbili, wakakabidhiwa kazi ya kudunga sindano ambazo kwao wasingeruhusiwa hata kuzishika, mgonjwa akanyamaza kwa heshima. Ukifika ugenini, usichoruhusiwa kufanya hapa usikifanye kule.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Bondo: Mwalimu, niko mwaka wa pili, bado sijasajiliwa na baraza la maafisa wa afya ya umma. Naweza kuomba?

Unaweza, mradi nafasi yenyewe haidai usajili. Jiite mwanafunzi kwenye wasifukazi wako, usijiite afisa. Kwa sasa anza na kujitolea kwa mtandao na daftari la hatua ya 1.

Mwanachama, Njoro: Kuna mtu kanitumia ujumbe WhatsApp, anataka elfu themanini "za kushika nafasi" UNV. Nimtumie nusu kwanza?

Usimtumie hata shilingi, mdogo wangu. UNV haitozi ada ya kuomba, ya usaili wala ya kushika nafasi. Hifadhi ujumbe wake, uripoti kwa polisi. Mashirika yanayolipisha wajitoleaji yapo, na mengine ni halali, lakini huo ni utalii wenye fulana. Kwa pesa hizo ungekaa Nyalenda mwaka mzima ukifanya kazi ya maana.

Mwanachama, Maseno: Nikienda muhula mmoja, masomo na HELB itakuwaje?

Omba kuahirisha masomo kwa barua, na usiondoke kabla ya jibu la maandishi. HELB, wanaokupa mkopo wa masomo, wajulishe vilevile. Ukitaka ihesabiwe kama atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, idara ikubali kabla hujaenda. Ukirudi na ripoti nzuri ambayo hawakuiidhinisha, utaanza upya na wenzako watakuwa wamehitimu.

Mwanachama, Ahero: Sisi tumekulia kwenye malaria. Nikikaa Ulaya mwaka mmoja kuna shida?

Shida iko pande mbili. Ukipata homa miezi ya kwanza kule, mwambie daktari bila kuulizwa kwamba umetoka eneo la malaria. Asipojua hatapima, naye anaweza kukutibu mafua huku vimelea ulivyobeba kutoka Ahero vinaongezeka. Upande wa pili ni kurudi. Kinga uliyoijenga kwa kuumwa na mbu tangu utotoni hupungua usipoumwa kwa muda mrefu. Kwa hivyo ukirudi lala ndani ya chandarua kama mgeni, na homa ikianza nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Mwanachama, Busia: Kwenda Uganda si nivuke tu na kitambulisho?

Kitambulisho cha taifa kinatosha Mkenya kuingia Uganda au Rwanda. Tanzania watakudai pasipoti. Beba na cheti cha homa ya manjano. Lakini kitambulisho kinakuingiza kama msafiri tu. Kama utakaa miezi ukifanya kazi, shirika linalokupokea likuombee kibali cha uhamiaji kabla hujavuka. Na upite dirisha la uhamiaji mpakani, si njia za panya, hata kama shangazi yako anaishi mita mia moja ng'ambo.