Jinsi ya kuotesha bakteria wanaoishi juu ya mwani

Chukua mwani ulio hai, ule uliooza ufukweni achana nao, halafu suuza mara 2 au 3 kwa maji ya bahari yaliyouliwa vijidudu ili wale wa kupita tu waondoke, sisi tunamtaka aliyeng'ang'ania. Pitisha kijiti cha pamba safi juu ya jani, paka kwenye sahani ya agari (jeli inayotokana na mwani) yenye chumvi za bahari, weka kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi na hapa jamani subira, wengine wanachukua wiki nzima. Ukiona koloni (kundi la bakteria walioota pamoja) ya njano imezama kama kashimo usitupe! Huyo anakula agari yenyewe, kama bakteria Zobellia galactanivorans aliyepatikana kwenye mwani mwekundu kule Roscoff, Ufaransa. Mhamishie sahani mpya, rudia mpaka koloni zote zifanane.