Kucha fupi au ndefu: pima kwa kazi ya mikono yako

Ninatengeneza kucha na kupaka hina Ngamiani, Tanga, na karibu kila mteja anaingia na picha kwenye simu. "Nataka kama hizi." Picha ni nzuri, ila mikono ile imetulizwa juu ya kitambaa ipigwe picha, haikandi unga wala haifui. Kwa hiyo kabla sijagusa tupa nauliza kwanza. Mikono yako inafanya nini tangu alfajiri mpaka unapolala? Nyumbani nani anapika, nani anafua? Kuna mtoto mchanga? Unaswali? Kazini unashika nini? Majibu hayo ndiyo yanayonipa urefu. Picha tutaitumia baadaye, tukifika kwenye rangi.

Tuanze na jikoni, maana huko ndiko kucha nyingi zinakovunjikia. Anayekanda unga wa chapati kila siku hawezi kuishi na kucha ndefu kwa raha. Unga unaingia chini ya ukucha, unakauka, na ukiuchokoa kwa kijiti unaisukuma ile ngozi iliyoshikana na ukucha. Ikishaachia panabaki upenyo, na upenyo huo unaingiza maji na uchafu kila unaponawa. Kukuna nazi nako kuna hatari yake: unazungusha kifuu juu ya meno ya mbuzi, na ukucha wa dole gumba ukizidi kidogo ndio unaotangulia kukutana na chuma. Sijataja kuparua samaki, magamba yanavyojipenyeza. Na pilipili! Ukiikatakata, ukali wake unabaki chini ya ukucha mrefu hata baada ya kunawa kwa sabuni, kisha usiku unampangusa mtoto macho kwa kidole hichohicho. Kwa mama anayenyonyesha, hilo moja lanitosha kumwambia akate leo.

Tuna jambo jingine tunaloona haya kulisema, nami nitalisema kwa sababu ni la afya. Sisi tunatumia maji msalani, na tunakula ugali na wali kwa mkono. Mkono wa kulia una kazi yake na wa kushoto una yake, lakini mikono yote miwili inakutana kwenye unga, kwenye mboga na kwenye mwili wa mtoto. Mayai ya minyoo hukaa chini ya kucha, na watoto hujiambukiza tena na tena kwa kujikuna kisha kutia vidole mdomoni. Kwa hiyo kucha za mtoto hazina mjadala: ni fupi, na unazikata wewe kila wiki, wala usingoje mwalimu azikague mstarini.

Hata hivyo simwambii mtu akate mpaka kwenye nyama. Kumenya kitunguu saumu, kubandua ganda la chungwa, kuchambua mchele, kuokota pini sakafuni, kufungua fundo la uzi, vyote vinataka ukingo mdogo wa ukucha. Ukiumaliza ukingo huo, ncha ya kidole inabaki wazi, inauma ukishika kitu, na ukifua kwa mkono sabuni ya unga inaiwasha ngozi changa. Wapo wanaokata hivyo kwa kuamini ndio usafi. Usafi haudai hivyo.

Kipimo changu ni hiki. Nyoosha vidole, kiganja kikutazame, uviinue usawa wa macho. Ukiona ukingo mwembamba wa ukucha ukichungulia nyuma ya ncha ya kidole, kiasi cha milimita moja au mbili, hapo pamekaa vizuri kwa watu wengi wanaofanya kazi za nyumbani. Kisha gonga meza kwa ncha za vidole. Nyama ikitangulia kutua, sawa. Ukisikia ukucha ukigonga kwanza, ujue kuanzia sasa utaanza kulaza vidole kwa kila kitu: kuchukua chumvi, kufunga vifungo vya sare ya mtoto, kuandika kwenye simu. Kioo cha simu kinaitikia ngozi, hakiitikii ukucha, ndiyo maana wenye kucha ndefu wanaandika kwa ubavu wa kidole. Binti anayefanya uwakala wa kutuma pesa, anayebonyeza namba na kuhesabu noti siku nzima, atachoka mapema.

Sababu ya kucha ndefu kuuma zikigongwa iko wazi. Ukucha umeshikwa na ngozi unayolalia, ndiyo kitako chake, na sehemu iliyozidi kidole inafanya kazi ya mtaimbo. Kadiri inavyozidi urefu, ndivyo pigo dogo la mlango wa daladala linavyonyanyua kwa nguvu zaidi kule kwenye kitako. Ukucha mfupi ukigongwa unakatika ncha. Mrefu unabanduka toka chini, na maumivu yake anayajua aliyewahi kuyapata. Wa bandia ni mkali zaidi, kwa sababu plastiki haivunjiki upesi. Wa kwako wa asili ndio unaoachia.

Zipo kazi zilizokwishakuamulia. Ukiwa nesi, mkunga au mtu wa maabara, mwongozo wa usafi wa mikono wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unataka kucha za asili ziwe fupi, ncha isifike nusu sentimita, na kucha za bandia zisivaliwe kabisa na anayegusa wagonjwa, kwa sababu vijidudu hubaki chini yake hata baada ya kunawa. Nesi akinijia kabla ya harusi ya dada yake namtengenezea kucha zake mwenyewe, fupi, nazing'arisha kwa tupa laini, basi. Mchezaji wa netiboli naye sheria za mchezo zinamdai kucha fupi, na mwamuzi anaweza kumzuia kuingia uwanjani. Fundi cherehani anayeshona hariri na shifoni anahitaji kucha fupi ambazo hazina hata mkwaruzo, maana ncha iliyochanika inavuta uzi wa mteja. Mama lishe, fupi. Mwalimu, karani, mtu wa mapokezi, muuza duka la nguo: hapo pana nafasi ya kurefusha, mradi nyumbani awepo wa kusaidia kufua.

Mjamzito aliyekaribia siku zake namshauri aende hospitali na kucha fupi zisizo na rangi wala jeli. Kile kifaa cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni hupitisha mwanga kwenye ukucha, na rangi nzito inaweza kukipotosha. Wauguzi pia hutazama rangi ya kucha kujua hali yako. Jeli haitoki kwa dakika mbili, na wakati ule hakuna atakayekuwa na muda wa kukubandua.

Kwa anayeswali, urefu na rangi ni mambo mawili tofauti. Rangi ya kawaida huweka utando juu ya ukucha na maji ya udhu hayafiki; ndiyo maana wateja wangu wengi hupaka siku zile wasizoswali, kisha huitoa kabla ya kuoga. Hina haiweki utando, inaingia kwenye ukucha wenyewe, kwa hiyo haizuii maji. Kuhusu urefu, ipo hadithi ya Anas bin Malik katika Sahih Muslim inayoweka mpaka: kucha zisiachwe zaidi ya siku arobaini bila kukatwa. Ukiwa na kucha za kubandika zinazokaa wiki kadhaa, lifikirie hilo kabla hujalipa pesa.

Sasa, umejiuliza yote na bado unataka ndefu. Sawa, kucha ndefu zilizotunzwa zinapendeza na mimi nafurahi kuzitengeneza. Ila zijaribu kwanza. Nunua zile za kubandika kwa vijikaratasi vyenye gundi, zikate mpaka urefu unaoutaka, uzivae siku za kazi, kuanzia Jumatatu, wala si Jumamosi unapokwenda kwenye sherehe. Pika nazo, fua nazo, mwogeshe mtoto nazo. Ukifika Alhamisi hujazibandua, zinakufaa. Ukizibandua Jumanne mchana, umepata jibu kwa bei ndogo.

Zikikufaa, otesha za kwako. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, hivyo miezi miwili ya kutokata inatosha kuona tofauti, na ukucha mzima hubadilika kwa kiasi cha miezi sita. Usiwe na haraka. Acha pembe za kando zikae, usizichimbe, kwa sababu ndizo zinazoshikilia ukucha usipasuke. Kwa umbo, pembe za mraba zilizolainishwa ndizo zinazodumu kwa mfupi, na umbo la yai linadumu kwa mrefu kidogo. Ncha kali sitakutengenezea kama una mtoto chini ya miaka miwili.

Kinachodhoofisha kucha zaidi ya yote ni maji. Ukucha unayanywa, unavimba, ukikauka unasinyaa, na huo mvutano wa kila siku ndio unaouchana tabaka kwa tabaka. Vaa glavu za mpira unapofua na kuosha masufuria. Usiku paka mafuta ya nazi kwenye ukucha na kwenye kile kigozi cha shinani, na kigozi hicho usikikate. Kipo kuziba uchafu usiingie ukucha unakoanzia. Kata baada ya kuoga, ukucha ukiwa laini, lakini tupa ipige ukiwa umekauka, tena kwa mwelekeo mmoja, toka pembeni kuja katikati. Kusugua huku na huku kunaichana ncha, kisha unalalamika kucha zako hazikui.

Kuhusu gundi ninaomba sana. Usikubali mtu akubandike kucha kwa gundi ya viatu au ya kuunganishia plastiki ati zote ni sawa. Hata ile ya kucha, ikimwagika usiipanguse kwa pamba wala khanga: ikikutana na pamba hutoa joto kali la kuunguza ngozi. Wakati wa kutoa, loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Kwa jeli tumia asetoni, dirisha likiwa wazi na mbali kabisa na jiko, la mkaa au la gesi, kwa kuwa mvuke wake unawaka. Usibandue kwa meno wala kwa kuchokonoa. Tabaka la juu la ukucha wako linatoka pamoja na plastiki, na kilichobaki kinakuwa chembamba mpaka kiote upya.

Kila mtu awe na kikata kucha chake. Wembe na mkasi vikimtoa mtu damu kidogo tu, virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai juu yake kwa siku 7 au zaidi. Ukija saluni, yoyote ile, leta vifaa vyako au uliza vya pale vinasafishwaje. Anayekasirika kwa swali hilo, ondoka.

Wanaume wanaoacha ukucha wa kidole cha mwisho urefuke, tafadhali: sikio halichokolewi. Ngozi ya ndani ni nyembamba, na mkwaruzo mmoja unaweza kuleta usaha.

Ukiona rangi ya kijani chini ya ukucha wa bandia, utoe na usibandike mwingine juu. Bakteria wameingia kwenye unyevu. Ukucha ulioachia ukawa mweupe toka ncha kurudi ndani, ukate mfupi na uuweke mkavu mpaka uote. Mistari ya kahawia au myeusi kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwetu watu weusi, ila mstari mpya kwenye ukucha mmoja, unaopanuka au kutia weusi kwenye ngozi ya pembeni, mwonyeshe daktari, usiufunike kwa rangi.

Kwa bibi harusi, ratiba ni hii. Anza kuotesha miezi mitatu kabla, urefu wa wastani, maana siku hiyo utalishwa keki, utavishwa pete, na utafunga na kufungua nguo zaidi ya mara moja. Hina ipakwe siku mbili kabla ili rangi iive. Kwenye kucha, hina haifutiki, inaondoka kwa kukua tu, kwa hiyo usiyetaka kucha nyekundu kwa miezi kadhaa mwambie mpakaji mapema azifunike. Piko nyeusi yenye dawa ya kutia nywele rangi sipaki hata kwa kubembelezwa, imeunguza ngozi za mabibi harusi wengi. Rangi ya kucha inakuja mwisho, asubuhi ya sherehe, na chupa yake mpe somo wako aiweke mkobani kwa ajili ya kurekebisha ukucha utakaokwaruzika.