Mtoto akianza tarumbeta hapa Malindi
Wazazi wenzangu mlio na watoto wanaoingia bendi ya skuli, mimi nilipiga tarumbeta enzi zangu na sasa kijana wangu kaanza, basi nawaambia hili mapema, hewa yetu ya bahari ina chumvi na unyevu, shaba ya tarumbeta haiipendi kabisa. Akimaliza kupiga amwage mate yaliyobaki ndani, aifute kwa kitambaa laini kikavu, aifungie kwenye boksi lake, asiiache dirishani. Zile vali 3, yaani vile vitufe vya kubonyeza kwa vidole, zinataka oili yake maalum, matone machache tu, na tafadhalini msitie mafuta ya nazi, yananata halafu mtoto akibonyeza vali hairudi, anadhani kosa ni lake anakata tamaa bure, na hilo ndo linaloniuma sana. Kuosha ni maji vuguvugu, ya moto yanaharibu ile rangi ya juu. Kipande cha mdomoni kikikwama msivute kwa koleo, bomba litapinda. Na mwanzo dakika 10 kwa mara zatosha, midomo huchoka haraka, sauti ikianza kukatika apumzike, ataendelea baada ya Alasiri.